Zege la nguvu kubwa

Aina na ngeli: nomino, li-/ya-. Husemwa zege hili, zege limeshika, zege lililomwagwa jana. Wapo wanaosema zege hii, lakini katika maandishi sanifu upatanisho wa li- ndio unaopendekezwa.

Maana: zege ambalo mchanganyiko wake umesanifiwa kwa vipimo ili, likikomaa, lihimili mgandamizo mkubwa kuliko zege la kawaida la ujenzi. Taasisi ya Zege ya Marekani (ACI) hulihesabu kuwa la nguvu kubwa kuanzia megapaskali (MPa) 55, na kanuni za Ulaya kuanzia juu ya daraja C50/60. Megapaskali moja ni nyutoni moja juu ya kila milimita mraba. Zege la nyumba ya kawaida aghalabu husanifiwa kwa MPa 20 hadi 25.

Mfano: Nguzo za ghorofa za chini zilimwagwa kwa zege la nguvu kubwa ili ziwe nyembamba na kuacha nafasi ya maduka.

Zege na saruji

Katika mazungumzo, maneno haya mawili hubadilishana nafasi, na hata magazeti huandika "nguzo ya saruji". Tofauti yake ni ile ya unga na ugali. Saruji ni unga wa mfukoni; zege ni kile kinachopatikana baada ya saruji, maji, mchanga na kokoto kuchanganywa na kushikana. Lugha ya mitaani nchini Tanzania imeielewa vyema maana hii, kwani sahani ya chipsi zilizoshikanishwa kwa mayai huitwa zege: chipsi ni kokoto, na mayai ndiyo yanayoziunga.

Neno saruji limetoka katika ṣārūj, linalopatikana katika Kiajemi na Kiarabu. Huko Oman neno hilo bado hutaja chokaa ya kale iliyotengenezwa kwa udongo uliochomwa, iliyotumika katika ngome na katika mifereji ya falaj. Ilihimili maji kwa sababu udongo uliochomwa huungana na chokaa na kuwa kitu kimoja kigumu. Vitu vyenye tabia hiyo wahandisi huviita pozolana, kwa jina la mji wa Pozzuoli nchini Italia. Kama itakavyoonekana hapa chini, zege la nguvu kubwa la leo nalo hutegemea pozolana. Neno letu la kale, basi, halijaachwa mbali na sayansi mpya.

Kanuni inayotawala

Wengi hudhani kwamba zege hupata nguvu kwa kuongezewa saruji. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli tu. Mwaka 1918, Duff Abrams, aliyefanya utafiti wake Chicago, alitangaza kwamba kwa viambato vilevile nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji: maji yakizidi, nguvu hushuka. Sababu yake si siri. Saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili kuungana nayo kikemia. Maji yanayozidi mahitaji hubaki ndani, na mahali yalipokaa huwa vitundu. Zege lenye vitundu vingi huvunjika mapema.

Uwiano huu huandikwa kwa desimali na huhesabiwa kwa uzito, si kwa ujazo. Zege la kawaida huwa na uwiano wa 0.50 hadi 0.60 hivi, la nguvu kubwa huhitaji chini ya 0.40, na mara nyingi karibu na 0.30. Katika jengo la Two Union Square mjini Seattle, lililokamilika mwaka 1989, uwiano ulishushwa hadi 0.22 na nguvu ikafikia takriban MPa 131.

Istilahi ya kusanifu mchanganyiko

Kusanifu mchanganyiko ni kuamua kwa hesabu na majaribio kiasi cha kila kiambato katika mita moja ya ujazo ya zege. Kitendo hiki kisichanganywe na kukisia kwa karai na ndoo, hata pale makisio yanapopewa sura ya kanuni kama "moja kwa mbili kwa nne". Hatua zake ni hizi, kwa mfano wa zege la MPa 60.

Nguvu lengwa. Zege halitoki sawa kila siku, kwa hiyo msanifu hulenga juu ya kile alichoagizwa. Kanuni moja ya Marekani, kwa mahali pasipo na kumbukumbu za majaribio ya awali, huzidisha kwa 1.1 na kuongeza 5. Hivyo 60 huwa 71.

Kokoto. Katika zege la kawaida, ufa huzunguka kokoto. Katika zege la nguvu kubwa ufa hupasua kokoto zenyewe. Jiwe likiwa dhaifu, hakuna saruji itakayoliokoa. Ndiyo maana huchaguliwa mawe magumu kama matale na basalti, na si mawe ya matumbawe ya pwani yenye matundu. Kokoto ndogo, za milimita 12 hivi, hufaa kuliko kubwa. Katika mfano huu tutumie kilo 1050.

Maji na viunganishi. Tuchague maji lita 150 na uwiano wa 0.30. Viunganishi vitakuwa 150 ÷ 0.30, yaani kilo 500. Kati ya hizo, saruji ni kilo 460 na vumbi la silika kilo 40. Vumbi hili ni pozolana itokayo katika tanuri za kuyeyushia silikoni. Chembe zake ni ndogo kuliko za saruji kwa takriban mara mia moja. Huziba nafasi zilizobaki na kuungana na chokaa inayozalishwa saruji inaposhika.

Kiambato cha kupunguza maji. Mchanganyiko wenye maji machache hivyo haumwagiki kwa urahisi. Hutiwa kimiminika kinachozitenganisha chembe za saruji zilizogandamana, ili zege litiririke bila kuongezewa maji. Maji yaliyomo ndani ya kimiminika hicho nayo huhesabiwa.

Mchanga. Hujaza nafasi iliyobaki. Kwa mita moja ya ujazo, maji huchukua 0.150, saruji 0.146, vumbi la silika 0.018, kokoto 0.389 na hewa 0.020. Jumla ni 0.723, iliyosalia ni 0.277, ambayo kwa mchanga wa kilo 2650 kwa mita ya ujazo ni kilo 734.

Hesabu hii ni mwanzo wa kazi, si hati ya kumwagia zege. Ni lazima mchanganyiko ujaribiwe, vielelezo vivunjwe katika mashine, na vipimo virekebishwe kwa saruji, mchanga na mawe ya mahali husika.

Maji yasiyoonekana

Hapa ndipo michanganyiko mingi mizuri huharibika. Hesabu ya juu huchukulia kwamba mchanga hauna maji ya ziada. Tuseme mvua imenyesha usiku na mchanga umebeba maji ya asilimia 4 ya uzito wake. Kilo 734 za mchanga huingia na maji ya lita 29 hivi. Fundi akitia lita zake 150 kama alivyoagizwa, maji halisi yatakuwa lita 179, na uwiano utapanda kutoka 0.30 hadi 0.36 bila mtu yeyote kuvunja agizo. Dawa yake ni kupima unyevu wa mchanga kila asubuhi, kupima mchanga huo kilo 763 na kutia maji lita 121 tu. Ndoo moja ya lita 20 inayoongezwa "kulainisha" hufanya kosa la namna hiyohiyo: huufikisha uwiano kwenye 0.34.

Kukauka, kushika, kukomaa

Husemwa kila mahali kwamba zege limekauka. Neno hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu linafundisha kinyume cha ukweli. Kanzu hukauka kwa kupoteza maji. Zege hupata nguvu kwa kuyatumia. Likikauka kweli katika siku za mwanzo, kazi ya saruji husimama na nguvu iliyotarajiwa haifikiwi. Anayeamini kwamba zege linapaswa kukauka ataliacha juani kwa moyo mkunjufu. Anayeamini kwamba linapaswa kukomaa atalimwagilia na kulifunika.

Matumizi yanayopendekezwa ni haya:

Kushika (au kuganda): kupoteza umajimaji na kuwa kitu kimoja, jambo la saa chache. Zege limeshika, msilikanyage.

Kukomaa: kuendelea kupata nguvu kwa siku na majuma. Kwa desturi nguvu hupimwa siku ya 28. Kwa zege la nguvu kubwa, wasanifu wengi husubiri siku ya 56 au 90.

Kukauka: kupoteza unyevu. Neno hili libaki kwa maana hiyo tu. Lifunikeni kwa magunia mabichi lisikauke.

Zege la nguvu kubwa huhitaji uangalizi huu kuliko jingine. Maji yake ni machache tangu mwanzo, nalo huyanywa yenyewe kwa ndani hata likasinyaa na kupasuka. Kulimwagilia huanza mara tu uso wake unaposhika na huendelea kwa siku saba au zaidi.

Zito, jepesi, gumu

Fundi akisema zege hili zito, maana yake ni ya uji mzito: halina maji ya kutosha kumwagika. Mhandisi akisikia zege zito hufikiria uzito kwa mita ya ujazo. Vivyo hivyo zege jepesi kwa mmoja ni lenye majimaji, na kwa mwingine ni lililotengenezwa kwa mawe mepesi. Katika maandishi ya kitaalamu ni bora kusema zege linalomwagika kwa urahisi au kwa shida, na kutaja kipimo chake: koni ya chuma ya urefu wa milimita 300 hujazwa zege, huinuliwa, na mshuko wa zege hupimwa.

Gumu na -enye nguvu nayo si visawe kamili. Zege la nguvu kubwa huhimili mzigo mkubwa, lakini linaposhindwa huvunjika ghafla bila onyo refu. Ndiyo maana nguzo zake hufungwa ringi za chuma zilizokaribiana.

Nambari za mfukoni

Mfuko ulioandikwa 42.5 hauahidi zege la MPa 42.5. Nambari hiyo ni nguvu ya chini ya kielelezo cha maabara, kilichotengenezwa kwa sehemu moja ya saruji, sehemu tatu za mchanga maalumu na uwiano wa maji wa 0.50, kikavunjwa siku ya 28. Saruji hiyohiyo huweza kuzaa zege la MPa 15 au la MPa 70, kwa kutegemea mikono iliyoipima. Katika alama C60/75, nambari ya kwanza ni ya kielelezo cha silinda na ya pili ni ya mchemraba. Kutaja "zege la 60" bila kusema umbo la kielelezo ni kuacha mlango wa ugomvi wazi.

Msemo

Zege halilali: kazi iliyoanzwa haiachwi njiani, imalizwe leo. Msemo huu umetoka jengoni, ambako zege likishachanganywa halisubiri kesho. Kwa zege la nguvu kubwa lina sababu maradufu, kwa kuwa viunganishi ni vingi na maji ni machache, hivyo hupoteza umajimaji upesi. Zege lililochelewa kumwagwa hukataliwa. Halifufuliwi kwa ndoo ya maji. Fundi aliyeliamsha kwa maji ataona linamwagika vizuri, na kasoro yake haitaonekana mpaka siku ya 28, wakati ghorofa nyingine zimekwisha kupandishwa juu yake.