Mchagua Sindano

Kwenye kipindi kilichopita niligusia kitambaa cha mama, halafu nikabadilisha mada haraka haraka. Mwenzangu alinikazia macho lakini hakuuliza. Leo naandika kile nilichoshindwa kusema kwenye maikrofoni.

Kitambaa chenyewe ni cha meza, cheupe, na kila pembe imepangiwa maua mekundu ya mshono wa msalaba. Kwa ambao hamjawahi kuushona: uzi mmoja unalala mshazari, mwingine unapita juu yake, inatokea X. X nyingi zikikaa pamoja zinakuwa ua. Mama alikianza Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma, akamaliza pembe tatu. Ya nne ilibaki na alama za penseli tu, maana majina yetu yalitoka na tukaja Fort Worth nikiwa na miaka 5. Hapa mama akapata kazi ya usiku, na kitambaa kikalala ndani ya sanduku miaka yote hiyo. Siku hizi macho yake hayaoni tena tundu la sindano.

Basi nikaamua kukimalizia kwa siri, kiwe zawadi. Nikafanya tunachofanya sote, nikatafuta mtandaoni. Majibu yote yalisema kitu kimoja: mshono wa msalaba unataka sindano butu. Nikaenda Michaels (si unajua, duka lenyewe lilianzia hapa Dallas mwaka 1973, na makao yake makuu yako Irving), nikanunua pakiti ya sindano butu namba 22.

Hata nusu ya ua la kwanza sikufika. Sindano iligoma kuingia. Nikaisukuma kwa nguvu, nyuzi za kitambaa zikasogea, nyingine zikakatika. Nilipofumua X mbili ili nianze upya, yalibaki matundu ambayo hayakuziba. Mama akaja kukiona. Hakugomba. Alipitisha kidole juu ya yale matundu, akasema, "Mbona hukuniuliza mimi, mwanangu?"

Swali hilo lilinikaa kooni. Ndipo nikaanza kuuliza, na historia hii ndiyo niliyoipata.

Kanuni ilikuwa ya kitambaa kingine

Kanuni ya mtandaoni si uongo. Imeandikwa kwa ajili ya kitambaa kinachoitwa Aida, ambacho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Aida imefumwa kwa miraba midogo inayoonekana, na kila kona ya mraba ina tundu lake. Aida 14 maana yake inchi moja ina miraba 14. Hapo huchomi kitambaa, unapita mlango uliokwisha kufunguliwa. Ncha kali ingekusumbua bure, kwa sababu ingepasua nyuzi na kukuchoma kidole. Ndiyo maana wanasema butu.

Namba zake nazo zinaenda kinyume na unavyodhani: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Kwa Aida 11 wengi hutumia namba 22, kwa Aida 14 namba 24, kwa Aida 18 namba 26. Namba 28 ni ya vitambaa laini zaidi. Kipimo chenyewe ni rahisi: sindano ipite bila kupanua tundu la kitambaa, na tundu la sindano liupokee uzi bila kuukwaruza.

Lakini kitambaa cha mama si Aida. Kimefumwa kikabana, hakina miraba wala milango. Mshono wa msalaba juu ya kitambaa kama hicho unataka sindano nyembamba yenye ncha kali, inayojifungulia njia yenyewe. Kumbe mimi nilikuwa na jibu sahihi la swali ambalo kitambaa hakikuuliza.

Sindano moja ya Nyarugusu

Nilipomuuliza mama alitumia namba gani, alicheka. "Mchagua jembe si mkulima," akasema. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita vya Kongo, na mama alikuwa miongoni mwao, akitokea Uvira. Anasema alikuwa na sindano moja tu nzuri. Aliifunga ndani ya kipande cha kitambaa chenye mafuta kidogo isishike kutu. Ilikuwa ya ncha kali kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na kwa sababu sindano hiyohiyo ilishona vifungo, ikaziba suruali zilizochanika na kudarizi mashuka ya kuuza.

Kuhesabu nyuzi hakukuwezekana. Basi alichukua kipande cha neti ya mbu iliyozeeka, akakitandaza juu ya kitambaa, akatia alama ya penseli kila tundu la tatu. Akitoa neti, zinabaki nukta zilizopangika. Yaani alijitengenezea Aida yake kwa penseli! Kisha sindano kali ikafuata nukta.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema mama yake, yaani bibi yangu, ambaye alijifunza kwenye *foyer*.

Walichofundishwa na walichokifanya

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, vituo vilivyoitwa *foyer social* vilifunguliwa katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kimoja kilianza Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwaka 1946. Kutoka Uvira ni kuzunguka ncha ya ziwa Tanganyika tu. Wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kutia viraka, kupiga pasi na kutunza nyumba, na walimu wa Kibelgiji waliwatembelea majumbani kuangalia kama wanayafuata. Lengo halikufichwa: wanaume wa mjini waliosoma wapate wake wa nyumbani wa mtindo wa Ulaya.

Haikuwa Kongo tu. Zanzibar, wamisionari wa UMCA walikuwa na shule ya wasichana pale Mbweni tangu miaka ya 1870, kwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kushona kulikuwa sehemu ya masomo. Kenya, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, navyo vikafundisha kushona, kupika na usafi.

Ukisoma haya unaweza kukasirika, na mimi nilikasirika. Wanawake waliolima, waliofanya biashara, waliojua kufinyanga na kusuka mikeka, wanakalishwa kufundishwa kutia viraka. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Bibi alipewa sindano ili awe mke wa mfano. Mama akaitumia sindano hiyohiyo kambini kununua chumvi na sabuni, na daftari za dada zangu. Alipewa elimu ndogo, akaigeuza mtaji.

Bibi wa Houston

Mwezi uliofuata tulishuka na I-45 hadi Houston, kwa bibi yake mwenzangu, anayekaa upande wa kusini-magharibi, si mbali na Hillcroft. Yeye ni mtu wa Lamu. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, karibu," na kabla chai haijapoa alikuwa ameshatoa kofia.

Kofia za mkono za pwani hushonwa taratibu, wiki nyingi, hata miezi kwa kofia moja. Kitambaa ni cheupe na kimebana, kwa hiyo nacho hakihesabiki. Michoro huchorwa kwanza. Halafu bibi akanionyesha viua, yale matundu madogo madogo yanayofanya nakshi. Unachoma kwa sindano kali, unalipanua tundu, kisha unalizungushia uzi ukingoni lisizibe wala lisichanike.

Nilikaa kimya kidogo. Matundu niliyoyaacha kwenye kitambaa cha mama yalikuwa aibu yangu. Hapa tundu ndiyo kazi yenyewe, ndiyo inayofanya kofia iwe na thamani na kichwa kipate hewa. Nikamweleza bibi yaliyonipata. Aliuliza swali moja tu: "Kitambaa gani?" Hakuuliza namba ya sindano.

Hata maneno yenyewe yana safari. Kudarizi limetoka Kiarabu. Almaria, jina la zamani la nakshi za nguo, limetoka Kireno. Sindano ni letu la Kibantu. Na ile kubwa ya kushonea magunia na majamvi ina jina lake kabisa, shazia. Kwa hiyo watu wa pwani walijua zamani kwamba sindano si moja. Bibi alinionyesha ya kofia, akasema, "Ukishona kofia kwa shazia, utavaa wavu wa samaki."

Shuka na Texas

Tukirudi Fort Worth niliendelea kulifikiria neno shuka. Kwetu ni nguo ya kitandani. Lakini katika biashara ya misafara ya karne ya 19, shuka kilikuwa kipimo: mikono minne ya kitambaa. Shuka mbili zilifanya doti moja. Na kitambaa kilichopendwa kuliko vyote, kilichofika Tabora na Ujiji kikitumika kama pesa, kiliitwa merikani, kwa sababu kililetwa na merikebu za Marekani.

Marekani walitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Zanzibar akitokea Salem, Massachusetts. Merikani ilifumwa katika viwanda vya kule kaskazini, lakini pamba yake ililimwa na watumwa katika majimbo ya Kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Texas yenyewe iliingia Marekani mwaka 1845 ikiwa jimbo la pamba na utumwa, na watumwa wake walitangaziwa uhuru Galveston tarehe 19 Juni 1865. Ndiyo Juneteenth tunayopewa likizo.

Kwa hiyo tukisema "nyumbani" na "huku" kana kwamba ni dunia mbili, kitambaa kinatukatalia. Upande mmoja watu walichapwa wakichuma pamba. Upande wa pili watu walibeba majora yake mabegani kutoka pwani hadi ziwani, na katika njia hizohizo wengine walishushwa pwani wakiwa watumwa.

Na sindano? Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya sindano za dunia zilitoka mji mmoja wa Uingereza, Redditch. Kazi ya kunoa ncha ilikuwa ya hatari kuliko zote. Vumbi la chuma na la jiwe la kunolea liliingia mapafuni, na wanoaji wengi walikufa kabla ya uzee. Leo pakiti nzima tunainunua kwa dola chache, na ikipotea moja hatuitafuti. Mama akiangusha sindano, hata sasa, taa zote zinawashwa na hakuna anayetembea mpaka ipatikane.

Sasa uchague ipi?

Anza na kitambaa. Kishike, kielekeze kwenye mwanga. Ukiona miraba na matundu, chukua sindano butu, namba kulingana na ukubwa wa matundu. Ukiona kimebana na alama zimechorwa juu, chukua sindano kali na nyembamba, ya kudarizi. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita ndani yake. Kwa kazi ya kawaida vuta mbili. Kama uzi unakatikakatika ukiupitisha, tundu la sindano ni dogo mno. Kama kitambaa kinabaki na mashimo, sindano ni nene mno. Usilazimishe.

Na ile methali? Nilimwambia mama kwamba mimi naiona tofauti kidogo. Mkulima asiyechagua jembe mara nyingi ni mkulima aliyepewa moja tu. Yeye hakuchagua sindano kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuchagua, akatafuta neti na penseli ili sindano ile moja itoshe. Mimi naingia dukani naikuta rafu nzima, lakini nilishika pakiti bila kumuuliza mwenye kitambaa. Mama akasema, "Haya, mwalimu," kisha akaniambia nilete kiti.

Sasa tunashona Jumapili jioni. Natia uzi mimi, kwa sindano kali. Yeye haoni nukta za penseli, ila anapitisha kidole kwenye ua la pembe ya tatu, anahesabu X, ananiambia niende wapi. Nikikosea anajua, maana anageuza nyuma na kugusa mafundo. Tuna maua mawili. Yale matundu yangu bado yapo. Nilitaka kuyafunika kwa jani, akakataa, akasema tuyazungushie uzi kwanza yasiendelee kuchanika. Bibi wa Houston alinionyesha namna, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu.

Kama kwenu kuna kitambaa, kofia au shuka ndani ya sanduku, muulize aliyekishona kabla hujaenda dukani. Muulize alitumia sindano gani, na aliipata wapi. Sisi tutawasikiliza kwenye kipindi kijacho.