Kutoka Hamira Hadi Dripu: Historia ya "Maji ya Ujana"



Msimu wa harusi ukikaribia, maandalizi ya biharusi tunayajua: singo, liwa, hina, udi, na somo wa kumfunda. Siku hizi kuna jipya limeongezeka. Kwenye simu zetu tunaona matangazo ya dripu ya NAD+. Mtu kakaa kwenye kochi, sindano mkononi, anaambiwa akiinuka hapo uchovu umekwisha, ngozi inang'ara na uzee umerudi nyuma. Bei yake si ya mchezo. Kabla hatujamshauri biharusi wetu, tumeona bora tufuatilie kitu hiki kilikotoka. Historia yake inaanzia kwenye hamira, na ndani yake wamo wanawake wengi.

Hamira iliyogoma

Mwaka 1906, mjini London, Arthur Harden na William John Young walikuwa wakichunguza jinsi hamira inavyochachusha sukari. Waliikamua hamira wakapata maji yake, kisha wakayachuja hadi yakawa mafungu mawili. Kila fungu peke yake halikufanya kitu. Walipoyachanganya tena, kazi ikaanza upya. Fungu moja liliharibika likichemshwa, lakini jengine halikudhurika na moto. Katika hili la pili ndimo ilimokuwa koenzaimu, yaani msaidizi ambaye akikosekana, kimeng'enya hakiwezi kazi yake. Ndiyo hiyo tunayoiita leo NAD.

Hans von Euler-Chelpin wa Uswidi aliendelea kuisafisha na kuichunguza, na mwaka 1929 yeye na Harden waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia. Katika miaka ya 1930, Otto Warburg wa Ujerumani akaonesha kazi yake. Ifikirieni kama hamali wa bandarini: anapokea hidrojeni kutoka kwenye chakula kilichovunjwa mwilini, anaibeba, anaishusha panapohitajika, kisha anarudi kupakia tena. Kwa safari hizo mwili hupata nguvu. Bila hamali huyu, hata chakula kikijaa tumboni hakitufai kitu.

Akina mama waliokula makombo

Miaka hiyo hiyo, kusini mwa Marekani kulikuwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ilibabuka palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na mwisho kifo. Inakadiriwa kwamba kati ya 1906 na 1940 waliugua watu milioni 3 na wakafariki 100,000. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dk. Joseph Goldberger kuuchunguza. Aliona jambo dogo lililowapita wengine: katika vituo vya mayatima na hospitali za wagonjwa wa akili, wagonjwa walikuwa ni wakaazi tu, wauguzi hawakuugua. Kama ni maambukizi, mbona yanachagua? Akatazama sahani. Masikini walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa. Alipowapa mayatima maziwa, mayai, maharage na nyama, ugonjwa ukaondoka. Ili kuwathibitishia waliobisha, alijidunga damu ya wagonjwa yeye na wenzake, na mkewe Mary naye akakubali kudungwa. Hakuna aliyeugua.

Wanawake walio katika umri wa kuzaa waliumia zaidi kuliko wanaume. Moja ya sababu zilizotajwa tunaijua sote: nyama kidogo iliyopatikana ilikwenda kwa mume mfanyakazi, maziwa kwa watoto, na mama akala kilichobaki.

Goldberger alifariki mwaka 1929, mwaka ule ule Nobel ilipotolewa kwa ajili ya koenzaimu, bila kujua kwamba habari hizi mbili ni moja. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin aliwatibu mbwa wenye ugonjwa unaofanana na pelagra kwa niasini, yaani vitamini B3. Na niasini ndiyo mwili unayoitumia kutengeneza NAD. Mahindi wanayo, lakini imefungika, haitoki mpaka yachemshwe na chokaa, kama wafanyavyo watu wa Mexico tangu zamani.

Wala si kisa cha mbali. Mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 walipata pelagra. Walikuwa wakitegemea mahindi, na mgao wa karanga ulikuwa umekatika. Karanga tu, dada zetu.

Vipi ikawa dawa ya ujana?

Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Paul O'Hollaren, aliandika kuhusu wagonjwa zaidi ya 100 wa ulevi na madawa ya kulevya aliowapa NAD kwa mshipa. Alisimulia aliyoyaona, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kisha mwaka 2000 Shin-ichiro Imai na Leonard Guarente wakaonesha kwamba protini moja inayohusishwa na umri mrefu wa hamira haifanyi kazi bila NAD. Hamira tena! Zikafuata tafiti za panya, na zilizoonesha kwamba NAD hupungua katika baadhi ya viungo kadiri umri unavyokwenda. Hapo biashara ikaingia mbio kuliko elimu.

Kuhusu dripu yenyewe, tafiti kwa binadamu ni chache mno. Moja ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 11 tu: wanane walipewa miligramu 750 kwa saa 6, watatu walikuwa wa kulinganisha. Ilipima NAD inakwenda wapi ikishaingia mwilini, haikupima ujana. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dripu hii kuwa dawa ya uzee. Ikipita haraka huleta kichefuchefu, kubanwa kifua na maumivu ya tumbo. Kwa mjamzito usalama wake haujathibitishwa, na biharusi wa leo huenda akawa mjamzito wa mwezi ujao.

Dini yetu inasemaje?

Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam. Katika hadithi ya Usama bin Sharik, mabedui walimuuliza kama wajitibu. Akawaambia wajitibu, kwani kila maradhi Allah ameyawekea dawa, isipokuwa moja: uzee. Basi anayetuuzia dawa ya uzee atuoneshe hoja nzito.

Na kwa kuwa harusi nyingi hufungwa Mfunguo Mosi, wapo wanaojiandaa ndani ya Ramadhani. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, lilisema sindano haifunguzi, lakini likatoa nje maji na sindano za lishe. Dripu hizi wakati mwingine huchanganywa na vitamini. Muulize shekhe wako kabla, au ngoja usiku.

Nasaha yetu kwa biharusi: ukiona uchovu hauishi, nenda kapime damu kwanza. Huenda ni upungufu wa damu, nao una tiba inayojulikana. Niasini tumejaaliwa tele: jodari, kuku, karanga. Na wewe mama wa biharusi, unapowapakulia watu wote leo, jipakulie na wewe kipande cha samaki, usingoje makombo. Wanawake wale wa Marekani hawakukosa dripu. Walikosa sahani yao.

Allah atujaalie afya njema na awabariki maharusi wetu. Aamiin.