Tai wasioweza kurudi porini: namna wanavyotunzwa Marekani

Si kila tai anayepona jeraha huachiwa huru. Maisha yake porini hutegemea kuona mbali, kuruka kwa uthabiti na kukamata kwa kucha. Akipungukiwa na kimojawapo, kumwachia ni kumhukumu kufa kwa njaa.

Nchini Marekani, tai mwenye kichwa cheupe analindwa na sheria ya mwaka 1940, ambayo ilipanuliwa mwaka 1962 ili kumlinda pia tai wa dhahabu. Kumweka kizuizini kunahitaji kibali cha serikali. Wengi wa majeruhi hao huwa wamegongwa na magari, wamenaswa na nyaya za umeme, au wamedhurika kwa madini ya risasi baada ya kula mabaki ya wanyama waliopigwa na wawindaji.

Uamuzi mgumu hufanywa mapema. Kanuni zinaelekeza kwamba ndege asiyeweza kula mwenyewe, kutua wima au kutembea bila kujiumiza zaidi, auawe bila maumivu. Anayebaki hai sharti awe na uwezo wa kuishi bila mateso.

Matunzo yake ni ya kila siku. Vitulio hufunikwa kwa nyasi bandia na huwa vya unene tofauti, kwani kusimama muda mrefu juu ya kitu kigumu huleta vidonda vya nyayo ambavyo huweza kuua. Kwa tai asiyeruka, vitulio huwekwa chini, au hujengewa ngazi za kupandia. Hulishwa samaki, panya na sungura wazima, kwa kuwa mifupa humpatia madini ya chokaa, nayo manyoya husaidia usagaji wa chakula. Uzito hupimwa mara kwa mara, na mdomo na kucha zilizozidi urefu hupunguzwa. Manyoya yanayopukutika hayauzwi. Hupelekwa kwenye hifadhi ya taifa huko Colorado, ambayo huyagawa kwa wenyeji wa asili kwa ajili ya ibada zao.

Tai wa namna hiyo hakosi faida. Mwaka 2023, katika kituo cha World Bird Sanctuary huko Missouri, dume asiyeweza kuruka aitwaye Murphy alionekana akiatamia jiwe. Kinda aliyeangushwa na dhoruba pamoja na kiota chake alipoletwa kituoni, Murphy alikabidhiwa, akamlisha na kumlea. Kinda anayelelewa na tai mwenzake hazoei binadamu, na hivyo hubaki na nafasi nzuri ya kurudi porini.

Murphy alikufa Machi 2025, baada ya dhoruba kali kulikumba eneo hilo, akiwa na umri wa miaka 33. Umri huo unaonyesha uzito wa jukumu lenyewe: kituo kinachompokea tai kijana hujifunga kumhudumia kwa miongo kadhaa.