Mwalimu wa Nukta Sita

Anayeandika nukta nundu kwa kibao na kalamu ya chuma huanzia kulia kwenda kushoto. Kila herufi huitoboa kinyume, ili karatasi ikigeuzwa mtoto aipapase kwa ncha ya kidole kutoka kushoto. Nukta ni 6 tu na mipangilio yake ni 63, lakini mwalimu asiyeizoea hawezi kusahihisha hata imla ya darasa la kwanza. Hilo pekee lilitosha kuonyesha kwamba kuwafundisha wasioona ni taaluma kamili. Afrika Mashariki ilichelewa kulikubali.

Kazi ilianzia makanisani. Jeshi la Wokovu lilianza kuwafunza wasioona nchini Kenya mwaka 1946, na humo ikazaliwa shule ya Thika. Kanisa Anglikana likafungua Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka huohuo John Wilson, Mwingereza aliyepofuka akiwa mwanafunzi, akaasisi shirika ambalo leo tunalijua kwa jina la Sightsavers. Walutheri wakafuata Irente, Lushoto, mwaka 1963.

Makanisa hayo yanatudai shukrani kubwa. Hata hivyo, mwalimu wa shule zile alisifiwa zaidi kwa huruma yake kuliko kwa ujuzi wake, na sifa hiyo ilimgharimu. Anayedhaniwa kufanya kazi kwa wito tu, nani atamuuliza cheti? Nani atafikiria kumpandisha daraja kwa sababu anajua asichokijua mwenzake? Uingereza walimu hao walikuwa na chama chao cha taaluma tangu 1907, chenye mitihani yake ya kumtahini mwalimu wa wasioona.

Kwetu Tanzania, Chuo cha Ualimu Tabora kilianza kuwaandaa walimu hao mwaka 1976, katika mji uliokuwa tayari na shule ya wasioona ya Furaha. Buigiri ilikuwa imeshatimiza miaka 26. Baadaye Chuo cha Patandi, Arusha, nacho kikaanza kubeba elimu maalumu. Kenya ilipata taasisi yake, KISE, mwaka 1986 kwa msaada wa Denmark, miaka 40 baada ya mwanzo wa Thika; kabla ya hapo mafunzo yalijibanza katika vyuo vya kawaida. Uganda nayo ilikuwa na taasisi yake ya elimu maalumu, UNISE, iliyoingizwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003.

Mafunzo hayo yalibadilisha mengi, na kubwa zaidi kwangu ni suala la uoni hafifu. Zamani mtoto aliyebakiwa na uoni kidogo aliweza kufundishwa sawasawa na asiyeona kabisa, macho yake yakaachwa bila kazi. Mwalimu aliyesomea hupima kwanza: mtoto huyu akae wapi ili mwanga usimchome, asome maandishi makubwa kiasi gani, lenzi itamfaa au la? Buigiri, ambako husoma pia watoto wenye ualbino, maarifa hayo ni uti wa mgongo wa darasa. Kuna pia hesabu kwa abakasi, na kutembea kwa fimbo nyeupe. Kuna hata namna ya kusema: anayeandika ubaoni hutamka kila anachoandika, wala hasemi "kama mnavyoona hapa". Siku hizi yuko pia mwalimu wa kuzunguka, anayekwenda shule hadi shule kumsaidia mtoto aliyechanganywa na wenzake wanaoona.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Kenya imekwenda hatua zaidi: mwalimu asiyeona hulipwa posho ya msomaji, yule anayemsomea madaftari ya wanafunzi. Huko ndiko kutambua kazi ya mtu. Vyeti vya ukutani havimsomei mwalimu daftari hata moja.

Waliosoma Tabora mwaka ule wa 1976 sasa ni wazee. Msomaji unayemjua mmoja wao, au aliyefundisha Buigiri, Irente au Thika siku za mwanzo, kaa naye umrekodi sauti. Na kama ana kibao chake cha zamani, muombe asikitupe.