Pishi, Daftari na Kompyuta: Historia ya Hesabu za Karafuu Wete

Msimu wa karafuu ukiingia, kila shamba la Wete, kisiwani Pemba, huwa na karani wake. Jioni wachumaji hurudi na mizigo yao, karafuu zinachambuliwa zitengane na makonyo, kisha zinapimwa pishi kwa pishi. Mwenye shamba, au mtu wake anayemwamini, anaandika jina na idadi. Ujira ni wa pishi, si wa siku wala wa mti, kwa hiyo mstari mmoja wa daftari ndio mshahara wa mtu mmoja, na hakuna haja ya kugusa mistari mingine ili alipwe.

Daftari hilo hilo halimwambii mwenye shamba amevuna kiasi gani. Karafuu mbichi ikianikwa hupoteza takriban thuluthi mbili za uzito wake. Tena pishi hupima ujazo, ilhali mnunuzi wa zamani alipima kwa frasila, yaani pauni 35, na wa leo anapima kwa kilo. Basi tangu zamani shamba la Pemba limekuwa na hesabu mbili zisizochanganywa: ya mbichi kwa ajili ya wachumaji na ya kavu kwa ajili ya soko. Anayezijumlisha pamoja amepotea kabla hajafika bandarini.

Watu wa mipango ya fedha wanaijua kazi hiyo: kufunga hesabu ndani ya sehemu moja tu ya takwimu na kuiacha iliyobaki kama ilivyo. Wete imeifanya kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi ugomvi wake haukuwa juu ya kujumlisha. Ulikuwa juu ya nani anachora mpaka.

Mpaka wa kwanza aliuchora Mungu. Karafuu zilianza Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba na nafuu kubwa. Kuanzia hapo, aliyesema karafuu za Zanzibar kwa kiasi kikubwa alikuwa anasema karafuu za Pemba. Vitabu vya Serikali viliendelea kutoa jumla moja ya visiwa vyote, na jumla hiyo ilificha kisiwa kipi kilikuwa kinalisha hazina.

Ndani ya Pemba kwenyewe mipaka ilikuwa mingi zaidi. Kwa desturi ya visiwani, mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Mirathi iligawa shamba kwa mafungu ya sheria. Na palipokuwa na wakfu, mapato ya mikarafuu yake yalikwenda pale tu alipotaja mwenye kuweka wakfu, uwe msikiti au uzao wake. Msimamizi aliyetoa fedha za wakfu mmoja kuziba pengo la mwingine alikuwa amevunja sheria hata kama jumla yake ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyoweka mambo hadharani. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na mdororo wa dunia, na mashamba mengi yalikuwa rehani kwa wafanyabiashara wenye asili ya India. Mwaka 1932 Sir Alan Pim aliandika ripoti juu ya fedha za Serikali ya Zanzibar, hazina iliyotegemea zao ambalo mwaka mmoja hujaa na mwaka wa pili likakimbia. Mwaka 1933 Bartlett na Last wakatoa ripoti yao juu ya madeni ya wakulima. Mwaka uliofuata zikaja amri: uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wengine ukabanwa, na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoanzishwa 1927, ikaongezewa nguvu.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Hesabu ya deni ilikuwa inaishi kwenye daftari la duka, ukurasa mmoja kwa mdaiwa mmoja: mchele, nguo, fedha za kulipa wachumaji, riba. Serikali ilitaka kuliona deni la tabaka zima la wakulima. Mwenye duka alilijua deni la jirani yake. Zote mbili ni hesabu halali, ila sheria iliyotungwa kwa kutazama ya kwanza ilikwenda kuvuruga ya pili. Na kana kwamba hayo hayatoshi, tarehe 1 Januari 1936 rupia iliondolewa na shilingi ikashika nafasi yake, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na makarani wakalazimika kubadili kila salio.

Amri ya 1937 iliipa Jumuiya usukani wa ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, mnunuzi mkubwa, ikazisusia karafuu za Zanzibar kwa kuungwa mkono na chama cha Congress. Mwaka 1938 pande zote zikapatana.

Miaka kumi baadaye ulikuja ujuzi mwingine wa kukata kipande. Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliendesha uchunguzi wa hali ya jamii Zanzibar mwaka 1948 na 1949 kwa njia ya sampuli: baadhi ya watu wanaulizwa, majibu yao yanabeba habari za wote.

Baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa 1968, likawa mnunuzi pekee. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda, Indonesia ikinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za karafuu, lakini mkulima alipata sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Jibu la Pemba lilikuwa magendo ya kwenda Kenya. Kilo zilizovuka bahari usiku hazikuingia kwenye jumla ya mtu yeyote.

Wakati huo huo, mbali na mikarafuu, hesabu zilikuwa zinahamia kwenye mashine. VisiCalc, programu ya majedwali ya 1979, ilikokotoa upya jedwali zima, na kwa jedwali dogo hilo halikuwa tatizo. Shirika lenye vituo 30 vya ununuzi, miezi 12, madaraja matatu ya karafuu, na makadirio pamoja na matokeo halisi, tayari lina visanduku 2,160 kwa kila aina moja ya gharama. Ndiyo maana Essbase, programu iliyotolewa na kampuni ya Arbor Software mwaka 1992, ina amri iitwayo FIX: taja kituo, taja mwezi, na mashine inakokotoa hapo tu. Kazi ya usiku kucha huweza kuwa ya dakika chache. Hatari yake ni kwamba kituo kimoja kikisharekebishwa, jumla ya wilaya hubaki na tarakimu ya jana mpaka mtu akumbuke kuamuru ijumlishwe tena. Karani wa wakfu angeielewa hatari hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei ya karafuu mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na sera ikawa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Ikilinganishwa na miaka ya 1970, ni mageuzi makubwa. Hata hivyo asilimia hiyo huhesabiwa kwenye bei ya kuuzia, wakati ujira wa pishi, majamvi ya kuanikia na gari la kufikisha gunia kituoni vinatoka mfukoni mwa mkulima. Katika mwaka wa neema wachumaji huwa adimu na pishi hupanda bei, kwa hiyo mashamba mawili ya Wete yaliyouza kwa bei ile ile, siku ile ile, yanaweza kufunga msimu moja likiwa na akiba na jingine likidaiwa.