UZI: "Nani aliwaambia wajenge mtoni?" Jibu linaanzia Fort Ternan

1/ Mvua ikizidi nchini, mjadala huwa ule ule. Mmoja anasema waliojenga mtoni watolewe. Mwingine anauliza, kwani hati miliki waliipata wapi? Wa tatu anaahidi bwawa. Sitaji mwanasiasa wala chama hapa. Nataka tuliangalie swali lenyewe, na nitaanzia kwetu, Fort Ternan.

2/ Kwa wasioijua: ni senta ndogo ya reli Kaunti ya Kericho, karibu na mpaka wa Kisumu. Wanasayansi wanaijua kwa sababu Louis Leakey alipata hapa visukuku vya Kenyapithecus mwanzoni mwa miaka ya 1960, vya kama miaka milioni 14. Chai iko juu yetu, miwa iko chini yetu. Maji yetu yote yanaingia bonde la Nyando, yanashuka Muhoroni, yanapita Ahero, halafu Ziwa Victoria.

3/ Sasa historia. Jina ni la ofisa Mwingereza, Trevor Ternan. Hadi mwaka wa 1902 huku kwetu hakukuwa hata "Kenya", kulihesabiwa Uganda. Reli ilifika Kisumu, ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Disemba 1901. Hiyo reli ndiyo iliyopanga miji yetu: Londiani, Lumbwa (leo Kipkelion), Fort Ternan, Koru, Muhoroni.

4/ Ilipangaje? Kutoka Mau Summit hadi ziwani ni mteremko wa zaidi ya mita 1,300. Mhandisi alitaka njia ambayo gari moshi lingeiweza, na maji ya kujaza injini. Kwa hivyo reli ikafuata bonde. Kituo kikajengwa, maduka yakafuata, soko likafuata maduka. Injini zilikula kuni kwa miaka mingi, na kuni zilitoka misituni kando ya njia. Hesabu yote ilikuwa ya treni. Mvua ya miaka mia moja baadaye haikuwa kwenye hesabu.

5/ Twende chini, Kisumu. Huko mji ulipangwa kweli, lakini ulipangwa kwa rangi. Mwaka wa 1913 daktari mmoja, Profesa W. J. Simpson, alitumwa Afrika Mashariki kukagua afya ya miji. Akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti. Wazungu wakapata sehemu za juu zenye upepo. Mwafrika alitakiwa kufanya kazi mjini na kulala nje ya mpaka wa mji.

6/ Nje ya mpaka maana yake nini? Hakuna mitaro, hakuna barabara, hakuna anayechora ramani. Manyatta na Nyalenda zilikua hivyo. Mpaka wa manispaa uliposogezwa miaka ya 1970, mitaa hiyo ikaingizwa ndani ikiwa tayari imejaa watu. Serikali iliikuta, haikuipanga. Leo mvua ikinyesha tunawauliza wao, "nani aliwaambia mjenge hapo?" Jameni, walijenga palipobaki.

7/ Simaanishi kila kosa ni la mkoloni. Tumejitawala tangu 1963. Ploti zimekatwa mtoni na watu wetu, na kuidhinishwa na ofisi zetu. Ninachosema ni kwamba mpango wa mji huamua nani akae pakavu. Usipoandikwa, pesa ndiyo huamua, na maskini anaishia bondeni.

8/ Mnakumbuka Mai Mahiu, 29 Aprili 2024? Watu zaidi ya 40 walikufa alfajiri moja. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka za mafuriko. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, halafu yakalibomoa. Yaani ukubwa wa kalavati na nani wa kuisafisha ni suala la uhai wa watu. Na tabianchi inavyobadilika, mvua kubwa ya siku moja inazidi ile njia hizi zilitengenezewa.

9/ Kwa nini linanihusu? Shangazi yangu ameolewa Ahero. Huku kwetu mvua ikinyesha usiku, tunalala fofofo, mji wetu uko kwenye mteremko, maji hayakai. Yeye ndiye anayeinua magodoro. Mwaka jana soko la huku liliongezwa mabati na kabro, na mtaro ukaelekezwa moja kwa moja mtoni. Kwetu tukasema maendeleo. Shangazi aliponiuliza tumefanya nini na maji, sikuwa na la kumwambia. Hakuna mtu wa Ahero aliyeitwa kwenye kile kikao, kwa sababu Ahero ni kaunti nyingine.

10/ Hapo ndipo mipango miji inaposaidia, na si lazima uwe Nairobi. Mji wa juu una kazi ya kuchelewesha maji. Paa la soko liwe na tangi. Kabro isifunike uwanja wote, udongo ubaki na mahali pa kunywa. Kando ya mto iachwe nyasi na miti ya kienyeji. Barabara mpya ya shambani iwe na vizuizi, isigeuke kuwa mfereji. Mji wa chini nao uache mahali mto utanukie, uwanja wa mpira au malisho, badala ya nyumba za kulala.

11/ Na bwawa je? Bwawa la Koru-Soin limeongelewa miaka mingi, na mimi silipingi. Lakini Nyando ni kati ya mito inayobeba udongo mwingi zaidi kuingia Ziwa Victoria. Miteremko ya juu ikibaki wazi, udongo huo utatua bwawani, na nafasi ya maji itapungua kila mwaka. Bwawa bila mpango wa ardhi ya juu ni ndoo tunayoijaza matope wenyewe.

12/ "Mita 30" nayo ielezwe vizuri. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 zilisema ukanda wa mto upimwe kwa upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6, usizidi mita 30 kila upande. Si kila kijito ni mita 30. Na anayetolewa ana haki: sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka wa 2016 inataka notisi ya miezi mitatu. Buldoza la usiku si mipango miji. Mpango unasema pia huyu mtu ataenda wapi.

13/ Silaha tunayo tayari. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inaruhusu kaunti mbili au zaidi kutengeneza mpango mmoja wa pamoja. Maji ya Kericho na Nandi yanaishia Kisumu. Mto haujui mpaka wa kaunti, lakini bajeti inaujua, ndiyo maana pesa hukimbilia palipofurika na huku juu hakuna anayetuuliza kitu.

14/ Kwa hivyo akija kuomba kura, awe wa mrengo wowote, usimuulize tu atatoa au hatatoa watu mtoni. Muulize haya matatu. Mpango wa pamoja wa bonde la Nyando uko wapi, na mwananchi anausomea wapi? Kalavati za reli na barabara kwenye wadi yako zilisafishwa lini? Na kikao cha kupanga soko la huku juu kikiitishwa, nani anakaa pale kwa niaba ya Ahero?