Uhai wa katuni zilizochorwa kwa mkono

Katuni ya mkono hutengenezwa kwa michoro inayotofautiana kidogo kidogo, ambayo huonyeshwa mfululizo hadi jicho lione mwendo. Sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24, yaani dakika moja ni picha 1,440.

Miongoni mwa filamu za aina hiyo, iliyo karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili ni The Lion King ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. Baadhi ya watayarishaji wake walizuru mbuga ya Hell's Gate nchini Kenya mwaka 1991. Ingawa mazungumzo yake ni ya Kiingereza, mtoto wa Naitiri, kaunti ya Bungoma, hahitaji mkalimani kuwafahamu Simba na Rafiki, wala Pumbaa, ambaye jina lake latokana na kitenzi kupumbaa.

Kompyuta ilitumika hata wakati huo, hasa katika mbio za nyumbu. Lakini huzuni ya Simba kando ya mwili wa babake ilichorwa kwa mkono.

Mwaka 2019 kampuni ya Disney iliitoa filamu hiyo upya kwa kompyuta, wanyama wakifanana na wale wa mbugani. Ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.6, lakini baadhi ya wahakiki walilalamika kuwa nyuso zilikosa hisia. Simba halisi hakunji uso kwa majonzi. Mchoraji ndiye humpa uso wa kibinadamu. Ndiyo sababu wazazi waliokua na filamu ya kwanza hutamani watoto wao waione hiyo kwanza.